Modeli ya jua, upepo na dizeli inapotoa majibu yasiyoingia akilini

Faili nyingi ninazotumiwa huja na ujumbe wa namna moja: "Kaka, hebu nitazamie, mbona majibu haya hayaeleweki?" Ndani ya faili kuna mfumo mseto wa kijiji au kisiwa: paneli za jua, mtambo mmoja au miwili ya upepo, betri, na jenereta ya dizeli ya kuokolea jahazi. Wengi hutumia HOMER, programu ya kubuni mifumo ya namna hii, iliyozaliwa miaka ya 1990 kwenye maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani huko Colorado, wakati huo ikiitwa NREL. Wengine wamejiandikia hesabu zao kwenye Excel au Python. Kwa kazi yetu hapa haina tofauti kubwa. Dalili ni zilezile, na ukichimba utakuta kosa limejificha sehemu moja kati ya nne: kipimo, saa, kimo au sarafu. Mara chache sana nimekuta programu yenyewe ndiyo iliyokosea.

Nimepanga kwa dalili, kama watu wanavyozileta. Chini ya kila moja naanza na chanzo ninachokutana nacho zaidi, naishia na cha nadra.

Kabla ya yote, chora siku moja

Usianze na gharama kwa uniti, yaani kwa kilowati-saa moja ya umeme. Najua ndiyo namba anayoitaka bosi, lakini namba hiyo imepikwa kutoka saa 8,760 za mwaka, na ndani ya chungu kikubwa namna hiyo kosa lolote linaweza kulala bila kuonekana. Chagua siku moja ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, na nyingine ya Agosti. Weka kwenye grafu moja mistari minne: mzigo, uzalishaji wa paneli, jenereta, na kiwango cha betri.

Jua linatakiwa lichomoze karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na lifike kileleni saa sita na kitu mchana. Mzigo wa kijiji una nundu baada ya magharibi. Betri hujaa alasiri na hushuka mpaka alfajiri. Kama kimojawapo hakiko hivyo na huna maelezo ya kwa nini, umeshapata pa kuanzia, na pengine huna haja ya kusoma mwongozo wote.

"Paneli zinazalisha umeme wa ajabu"

Fanya hesabu ya mdomoni kwanza. Kilowati moja ya paneli kwetu Afrika Mashariki huzalisha uniti kati ya 1,300 na 1,800 hivi kwa mwaka. Lodwar iko upande wa juu, kwenye milima ya mawingu utashuka. Gawanya uzalishaji wa mwaka kwa kilowati ulizoweka. Ukipata 5,000, acha kusoma majibu mengine yote.

Mshukiwa wa kwanza ni megajuli. Data za bure za jua na upepo kutoka NASA POWER unaweza kuzipakua kwa kilowati-saa au kwa megajuli, na kilowati-saa moja ni megajuli 3.6. Mahali penye mionzi ya kilowati-saa 5.2 kwa mita ya mraba kwa siku panasomeka 18.7 kwa megajuli. Ukiibandika 18.7 kwenye nafasi inayotarajia kilowati-saa, paneli zako zinapewa jua tatu na nusu. Kipimo cha kukumbuka: kwenye ikweta, hata juu kabisa ya angahewa, mita ya mraba iliyolala chali hupokea kilowati-saa 10 hivi kwa siku. Huku chini, wastani wa mwezi unaopita 7 utilie shaka, na unaopita 10 utupe.

Kama tatizo ni la upande wa pili, yaani uzalishaji mdogo mno au hata hasi, tafuta -999 kwenye faili. Hiyo ndiyo namba ambayo NASA POWER huweka mahali data ilipokosekana. Kompyuta haijui kwamba maana yake ni "sina". Inaijumlisha kama namba nyingine yoyote. Usiibadilishe kuwa sifuri, kwa kuwa utakuwa umetengeneza mchana wa giza. Chukua thamani ya saa ileile kutoka siku ya jirani, au mwezi uleule wa mwaka mwingine.

Baada ya hapo tazama uelekeo. Kila programu ina kibla yake: HOMER na PVGIS (kikokotoo cha jua cha Umoja wa Ulaya kilichoko mtandaoni) huhesabu sifuri kuwa kusini, SAM (programu nyingine ya kuiga mifumo ya nishati) huhesabu sifuri kuwa kaskazini. Kusini mwa ikweta paneli hutazama kaskazini. Ukikosea kwa mwinamo wa nyuzi 10 utapoteza asilimia chache tu na hutagundua kamwe. Ukiwa umenakili mwinamo wa nyuzi 35 kutoka mfano wa Ulaya, pengo linakuwa kubwa. Kwetu nyuzi 10 hadi 15 zinatosha. Usilaze kabisa, maana mvua haitaosha vumbi.

Mwisho, joto. Paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya bati la Lamu saa saba mchana seli hufika 60 bila shida, na kwa upungufu wa asilimia 0.4 kwa kila nyuzi umeshapoteza asilimia 14. Watu wengi huacha kisanduku cha joto bila tiki, halafu hushangaa mfumo wa kweli unapotoa kidogo kuliko wa kwenye kompyuta.

"Kijiji kinatumia umeme usiku wa manane, jioni kiko kimya"

Hili linatuhusu sana sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, na sijaliona kwenye kitabu chochote cha maelekezo ya programu.

Mwaka mmoja tulipima mahitaji ya kisiwa kidogo cha wavuvi. Kijana wetu wa dodoso alikaa na bibi mmoja barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Ahsante. Taa mnawasha saa ngapi, bibi?"

"Saa moja, tukishaswali magharibi. Saa nne tunazima. Mafuta ghali."

"Na ile mashine ya barafu pale gatini?"

"Ile ya akina babu yako? Wanaiwasha saa tatu, mpaka saa kumi wanapoondoka."

Akaandika: taa 1–4, barafu 3–10. Kila neno la bibi lilikuwa sahihi. Ofisini aliyeingiza data alikuwa mtu wa saa ishirini na nne; akaweka taa kuanzia 01:00 hadi 04:00 na mashine ya barafu kuanzia 03:00 hadi 10:00. Jumla ya uniti kwa siku haikubadilika hata kidogo, na ndiyo maana wiki nzima hakuna aliyeshtuka. Taa hazikuharibu sana, usiku ni usiku. Kilichoumiza ni barafu. Mzigo mkubwa kuliko yote pale kisiwani, ambao jua lingeubeba moja kwa moja mchana kweupe, uliangukia betri saa za kabla ya alfajiri, wakati betri zimeshachoka. Programu, kwa utiifu wake wote, ikaagiza betri rundo na jenereta ya kuzisaidia.

Kagua hivi: tafuta nundu ya jioni kwenye grafu. Isipokuwepo kati ya 18:00 na 22:00, rudi kwenye dodoso. Kanuni ya kubadili ni rahisi. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa za usiku, kuanzia saa moja hadi saa sita, ongeza kumi na nane. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa sita. Kwenye dodoso lenyewe mimi sasa naandika pia kipindi cha siku: "baada ya magharibi", "kabla ya adhuhuri". Saa inaweza kupotea njiani, adhana haipotei.

Chanzo cha pili kinafanana na hiki lakini kinagusa jua badala ya mzigo. Data za saa kwa saa za PVGIS huja kwa saa za Greenwich, na sisi tuko saa tatu mbele. Ukizipachika bila kuzisogeza, jua la Dar es Salaam linafika kileleni saa tatu na dakika 23 za asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Modeli inaona jioni ndefu isiyo na jua, na tena inaagiza betri za ziada. Sogeza safu nzima kwa mistari mitatu. Ile mitatu inayobaki mwishoni irudishe mwanzo wa faili. NASA POWER inakuachia uchague kati ya saa za Greenwich na saa za jua za mahali husika. Chagua, kisha andika jina la faili kwa namna itakayokukumbusha ulichochagua.

Ukishapanga saa, unaweza kukuta kilele cha mzigo kiko juu kuliko ulichoandika: uliweka kilowati 40, programu inasema 63. Hapo hakuna kosa. HOMER hutikisa mzigo kidogo siku hadi siku na saa hadi saa ili usifanane na saa ya ukutani. Kama una vipimo vya mita vya mwaka mzima, ingiza vyenyewe na uzime mtikisiko huo, vinginevyo utakuwa umeutikisa mara mbili.

"Upepo umekuwa mkombozi, unashinda jua na dizeli"

Upepo ni mahali pa kukosea kwa gharama kubwa, kwa sababu nguvu yake hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kosa dogo kwenye kasi linazaa kosa kubwa kwenye umeme.

Anza na kipimo cha kasi. Ripoti za viwanja vya ndege huandika noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti 10 ni mita 5.14 kwa sekunde. Ukizisoma kama mita 10, nguvu ya upepo kwenye karatasi inakuwa zaidi ya mara saba ya kweli. Nimeiona hii kwenye kazi ya mtu mwenye shahada mbili, kwa hiyo usione aibu kukagua ya kwako.

Kisha kimo. Programu inakuuliza mambo mawili tofauti: kipimaupepo kilikuwa mita ngapi juu, na pangaboi litafungwa mita ngapi juu. Data nyingi za setilaiti na kompyuta za hali ya hewa zinapatikana kwa mita 10 na kwa mita 50. Chukua za mita 50, kisha useme zilipimwa kwa mita 10 na mtambo uko mita 50: programu itaipandisha kasi kwa asilimia 26 hivi, kwa kanuni ya kupandisha kasi kulingana na kimo kwa kipeo cha moja ya saba, na nguvu itakaribia kuwa maradufu. Umeme wa bure, kwenye skrini.

Ukishapita hapo, jiulize data inazungumzia wapi hasa. Upepo wa NASA POWER unatokana na gridi ambayo kila kisanduku chake ni zaidi ya kilomita 50 kwa upande. Kisanduku kama hicho kinaweza kumeza mlima, bonde na ziwa kwa pamoja. Kule Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya shamba la upepo la Ziwa Turkana ilisimamishwa kwa sababu hewa inabanwa kwenye mkondo kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia na kutoka kwa kasi. Sogea kilomita kadhaa nyuma ya kilima na hadithi inabadilika. Kwa kisiwa, swali ni minazi: mtambo wa mita 18 nyuma ya shamba la minazi ya mita 20 ni pambo. Pandisha mnara au hamisha mtambo.

Pwani kuna jambo jingine ambalo wastani wa mwaka unalificha. Kaskazi inavuma, kusi inavuma kwa nguvu zaidi, na katikati yake kuna tanga mbili, upepo ukiwa haujui unakokwenda. Kipindi cha Machi na Aprili hukutana na mawingu ya masika. Hapo ndipo jua na upepo hulegea kwa pamoja, na hapo ndipo ukubwa wa jenereta yako unapoamuliwa. Nahodha yeyote wa jahazi angekwambia haya bila kompyuta. Kama modeli yako inaonyesha upepo uleule Aprili na Julai, umeweka namba moja kwa mwaka mzima. Weka kumi na mbili, au data ya saa kwa saa.

Kwa waliojiandikia hesabu wenyewe kuna kosa la kinyume: kuingiza kasi ya wastani moja kwa moja kwenye kanuni ya mchemraba. Kwa mtawanyiko wa kawaida wa upepo, nishati halisi ni karibu mara 1.9 ya ile unayoipata kwa kutumia wastani peke yake. Na kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi kama Marsabit mjini hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Lipunguze hilo pia.

Simama hapa: usinunue mtambo wa upepo kwa kutegemea data ya kupakua peke yake. Inahitajika nguzo ya kipimaupepo eneo lenyewe kwa miezi 12, na mtaalamu wa kuichambua. Mnara nao ni kazi ya mhandisi wa miundo, kuanzia msingi hadi nyaya za kuushika. Ukianguka hauangukii modeli.

"Jenereta inanguruma saa sita mchana na jua liko wazi"

Malalamiko haya nayapenda kwa sababu mara nyingi modeli inasema kweli na mtumiaji ndiye hajaielewa.

Kwanza angalia inveta, kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu wa paneli na betri kuwa mkondo geu wa majumbani. Paneli kilowati 80, betri zimejaa, mzigo kilowati 55, na inveta uliyoweka ni ya kilowati 30. Umeme umejaa upande mmoja wa mlango mwembamba. Zinazopungua 25 jenereta inazibeba, na jua la ziada linamwagwa. Panua inveta, endesha tena, na utaona jenereta inanyamaza.

Pili, akiba ya uendeshaji. Programu hudai nguvu ya ziada iwe tayari endapo wingu litapita au upepo utakata. Ukiitaka akiba ya asilimia 50 ya upepo wakati mtambo unatoa kilowati 40, lazima kilowati 20 ziwe zinasubiri mahali fulani, na betri zikiwa chini zinasubiri kwenye jenereta inayozunguka. Usikimbilie kuweka sifuri ili grafu ipendeze. Akiba hiyo ndiyo inayozuia kijiji kuzimika.

Tatu, mzigo wa chini wa jenereta. Jenereta ya kilowati 100 yenye kikomo cha asilimia 30 haitashuka chini ya kilowati 30, hata kama kijiji kinahitaji 15. Kikomo hicho kipo kwa sababu injini ya dizeli inayofanya kazi nyepesi muda mrefu haichomi mafuta vizuri. Masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye bomba la moshi na silinda huharibika. Badala ya kukifuta, jaribu jenereta mbili ndogo zisizolingana.

Nne, mkakati. Kuna mpango wa kufuata mzigo, ambapo jenereta inatoa kile tu kinachohitajika, na mpango wa kujaza betri, ambapo ikishawaka inafanya kazi kwa nguvu zote mpaka betri zifike kiwango fulani, mathalani asilimia 80. Kwenye mpango wa pili, jenereta iliyowaka alfajiri inaweza kuendelea mpaka jua limeshapanda. Endesha modeli kwa mipango yote miwili ulinganishe lita. Mahali penye jua jingi na betri za kutosha, kufuata mzigo mara nyingi hushinda, lakini usinishike kwa neno hilo bila kujaribu.

Na kuna ratiba. Mtu aliwahi kulazimisha jenereta iwake saa fulani, akasahau. Tazama ukurasa huo kabla hujanipigia.

"Mafuta yanayotumika hayalingani na hali halisi"

Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, na injini nzuri inatoa umeme wa uniti nne kati ya hizo kwa shida. Modeli ikikuonyesha chini ya lita 0.25 kwa uniti, mstari wa matumizi umekosewa.

Kosa la kawaida ni kuweka ulaji wa mzigo kamili na kuusahau ule wa kuzunguka bure. Makadirio yanayofaa kuanzia: lita 0.08 kwa saa kwa kila kilowati ya ukubwa wa jenereta, na juu yake lita 0.25 kwa kila uniti inayotoka. Jenereta ya kilowati 60 ikibeba zote inakunywa lita 19.8 kwa saa, sawa na 0.33 kwa uniti. Ikibeba 12 tu inakunywa 7.8, sawa na 0.65. Bei ya uniti imekaribia kuwa maradufu na jenereta ni ileile. Kama una daftari la mwendesha mitambo, lita za kila siku na usomaji wa mita, tumia hilo na uache makadirio yangu.

"Betri hazifiki asubuhi" au "betri zinadumu miaka ishirini"

Ya kwanza kwa kawaida ni saa zilizokosewa, tumeshazisema. Ya pili ni Ah, yaani ampea-saa. Betri nne za volti 12 na Ah 200 zilizofungwa mfululizo hubaki Ah 200, kwa volti 48. Yaani uniti 9.6. Anayeandika Ah 800 kwa volti 48 amejipa uniti 38.4 ambazo hazipo dukani. Angalia pia umeweka kikomo gani cha kushusha: betri za risasi na asidi usizipeleke chini ya nusu, za lithiamu zinavumilia kushushwa mpaka asilimia 20 au 10. Kuhusu umri, betri za risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Chumba cha betri chenye bati bila dari si mahali pa kutegemea umri ulioandikwa na kiwanda.

"Programu inasema hakuna suluhisho" au haimalizi kuhesabu

Umesahau inveta kati ya pande mbili, ule wa mkondo mnyoofu na ule wa mkondo geu, au umeweka upungufu unaoruhusiwa kuwa asilimia sifuri huku vifaa ulivyoorodhesha havitoshi. Ruhusu asilimia 2, uone inakataa saa zipi. Faili ikigoma kuingia, hesabu mistari: mwaka una 8,760, wenye Februari ya siku 29 una 8,784; futa siku moja. Angalia na alama ya desimali, nukta au mkato. Ikiwa inahesabu usiku kucha, umeipa ukubwa mwingi wa kujaribu. Vipimo 15 vya kila kifaa kwa vifaa vinne ni michanganyiko 50,625. Anza na vitatu vitatu, kisha sogeza vipimo karibu na jibu lililo bora.

"Gharama kwa uniti haiaminiki"

Sarafu. Paneli kwa dola, dizeli kwa shilingi. Ukiandika 3,000 kwenye bei ya lita wakati kila kitu kingine ni dola, jenereta inatoweka kabisa kwenye majibu. Ukiandika 1.2 wakati vingine ni shilingi, paneli ndizo zinazotoweka na dizeli inaonekana kama maji ya kisima. Chagua sarafu moja, andika kiwango cha kubadilisha na tarehe yake.

Bei ya lita nayo si ya kituo cha mafuta mjini. Ongeza dramu, gari, boti, mpagazi, na kile kinachomwagika au kupotea njiani. Uliza mtu anayeuza dizeli kijijini kwa chupa anaipata kwa bei gani. Huyo ndiye mwenye namba unayoitaka.

Kisha riba. Kama benki inatoza asilimia 15 na mfumuko wa bei ni asilimia 5, riba halisi ni asilimia 9.5 hivi. Programu nyingine hukuomba zote mbili na kuhesabu yenyewe. Ukiipa 9.5 pamoja na mfumuko wa 5 umeuondoa mfumuko mara mbili, na vifaa vya bei kubwa mwanzoni vitaonekana rahisi kuliko vilivyo.

"Modeli imekubali, lakini mfumo unazimika wingu likipita"

Hapa mwongozo wa namna hii unafika mwisho wake. Modeli ya saa kwa saa huona wastani wa dakika sitini. Haioni wingu linaloshusha paneli kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika moja, wala mota ya mashine ya kusaga inayodai mkondo mara tano hadi saba ya kawaida sekunde za kwanza. Kule Marsabit, ambako mitambo ya upepo ilifungwa pamoja na jenereta za dizeli, liliongezwa gurudumu zito la kuzunguka ili kutuliza mitikisiko ya namna hiyo. Unaweza kupunguza hatua ya modeli hadi dakika moja ukiwa na data, lakini hata hapo hutaona masafa ya umeme, zile Hz 50, yakiyumba.

Simama na mwite mhandisi wa mifumo ya umeme ikiwa: unataka jenereta zizimwe kabisa mchana, unaunganisha inveta za kampuni tofauti kwenye laini moja, unaweka mota kubwa, au unafikiria kuungana na gridi. Uchambuzi wa mkondo wa hitilafu, ulinzi na radi hufanywa kwa programu za aina nyingine na mtu mwenye leseni, Tanzania chini ya EWURA na Kenya chini ya EPRA, mamlaka za kudhibiti nishati. Na usifungue kabati la betri ili uhakikishe namba za modeli. Nyaya za paneli zina volti mia kadhaa za mkondo mnyoofu maadamu jua lipo, na hazizimiki kwa swichi ya ukutani.

Ukimtumia mhandisi faili, mpe data ghafi kabla hujazigusa, bei zenye tarehe, grafu zile mbili za Aprili na Agosti, na picha za dodoso kama zilivyoandikwa kwa mkono. Pembeni ya kila dodoso andika kwa kalamu nyekundu: saa hizi ni za Kiswahili.